"Mama Mmoja Hivi": Wafinyanzi Wasio na Majina wa Njia ya Tura

Leo naomba tuziweke pembeni kidogo stori za nani kaachana na nani. Nina stori ya mastaa ambao hawajawahi kupigwa picha, hawana akaunti popote, na hata majina yao hatuyajui. Ila bila wao, zile safari kubwa tulizokaririshwa shuleni zingeishia porini kwa kiu na njaa.

Naanza na nyumbani.

Kwa bibi yangu Tabora kulikuwa na mtungi mweusi kwenye kona ya sebule. Ulikaa juu ya mchanga mbichi, umefunikwa kwa sahani ya bati, na kata ya kuchotea ikilala juu yake. Kama umewahi kufika Tabora mwezi wa kumi kabla mvua hazijaanza, unalijua lile jua, siyo mchezo. Lakini maji ya ule mtungi yalikuwa na ubaridi wa aina yake. Hayakuuma meno kama ya friji, halafu yalinukia kwa mbali kama ardhi iliyonyeshewa mvua ya kwanza.

Siku moja mmoja wetu (simtaji, mwenyewe anajijua) alikuwa anacheza mpira ndani ya nyumba. Pa! Mtungi chini. Bibi hakupiga kelele. Aliokota gae kubwa kuliko yote, akalipeleka uani likawa chombo cha kuku kunywea maji.

Miaka mingi baadaye nikamuuliza mama, hivi ule mtungi aliufinyanga nani? Akafikiri kidogo, akasema, "Aah, bibi yenu aliununua kwa mama mmoja hivi."

Basi. Mama mmoja hivi. Chombo kilichowanywesha watu wa nyumba nzima kwa zaidi ya miaka ishirini, na aliyekitengeneza ni "mama mmoja hivi". Stori hii inamhusu huyo mama, na mama yake, na bibi yake, kurudi nyuma mpaka tuishiwe na hesabu.

Tura ni wapi?

Ukipanda treni ya reli ya kati kutoka Dar kwenda Tabora, ukishapita Manyoni na Itigi unaingia kwenye vichaka vizito. Unatembea saa nyingi huoni nyumba. Halafu vinakuja vituo vidogo vidogo, na kimoja kinaitwa Tura. Ni upande wa mashariki wa Mkoa wa Tabora, Wilaya ya Uyui. Abiria wengi wanaipita wamelala.

Karne ya 19 hakuna aliyeipita Tura amelala. Hii ilikuwa njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ukitoka Ugogo kuja magharibi, ulilazimika kuvuka pori kavu lililoitwa Mgunda Mkali. Jina lenyewe linajieleza. Maji yalikuwa ya kubahatisha, kisima kikikauka msafara unajuta. Ukilimaliza pori hilo, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi unachokutana nacho ni Tura.

Mwingereza Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857 akiwa na John Speke, aliandika kwamba maana ya jina Tura ni "tua", yaani weka mzigo chini. Hebu liwaze hilo neno kama mpagazi. Una zaidi ya kilo 30 begani, pembe ya ndovu au furushi la vitambaa. Umevuka pori siku kadhaa, midomo imepasuka. Halafu unafika mahali ambapo hata jina lake linakwambia: tua.

Ukishatua, unahitaji nini kwanza? Maji. Na maji yanatoka kwenye mtungi. Halafu ugali, na ugali unatoka kwenye chungu. Halafu, kama wewe ni Mnyamwezi na umefika kwenu salama, pombe ya mtama. Nayo ilipikwa kwenye chungu kikubwa na kuchachuliwa kwenye mtungi.

Nisiipambe hii njia kama vile ilikuwa ziara ya kitalii. Wapagazi wengi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, tena Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo pwani hadi bara. Lakini njia hiyohiyo ilipitisha mateka waliofungwa minyororo, wakipelekwa kuuzwa. Nao walikuwa na kiu.

Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyeandika kitabu kizima kuhusu wapagazi wa Tanzania, ameonyesha kwamba ndani ya msafara watu walijigawa kwenye vikundi vidogo. Kila kikundi kinalala pamoja, kinapika pamoja na kula chungu kimoja. Pia ameonyesha kitu ambacho vitabu vya shule vinakiruka: wanawake walikuwemo kwenye misafara, wengine wakiwa wake wa wapagazi, wamebeba vyombo vya kupikia na chakula. Kwa hiyo unapoona mchoro wa msafara, wanaume wamejipanga na pembe mabegani, ujue kuna mtu nyuma amebeba chungu kichwani juu ya ngata. Na kuna mtu mwingine, ambaye hayumo kwenye mchoro kabisa, aliyekifinyanga.

Burton alikiangalia chungu akasema…

Huyu Burton alikuwa na mdomo mchafu. Aliwatukana watu wengi sana kwenye maandishi yake. Lakini alikuwa na macho, na alikaa akaangalia jinsi vyungu vinavyotengenezwa.

Alichoandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1860, kwa maneno yangu, ni hivi. Udongo unachimbwa mtoni au ardhini, unapondwa, unasagwa juu ya jiwe na kutolewa kokoto. Unakandwa na maji. Mfinyanzi anaujenga kwa mkono kuanzia mdomo wa chungu, anauacha ukauke kidogo juani, anaongeza kipande kingine, anauacha tena, mpaka unakamilika. Anachora mistari ya urembo. Kisha vyungu saba au vinane vinarundikwa na kuchomwa kwa moto wa majani, kwa sababu moto wa kuni ungevipasua. Fundi mzuri alimaliza vinne kwa siku. Vyungu bora, akasema, vilitoka Ujiji, Karagwe na Ugunda. Vya Unyamwezi akaviponda.

Ila kuna mambo mawili yananikera, na moja linanichekesha.

La kwanza: alisema kwa kejeli kwamba ufinyanzi wa huku haujaendelea kwa sababu hajatokea mtu wa kuwafundisha watu gurudumu. La pili: kwa Kiingereza chake mfinyanzi ni mwanamume. Kumbe sehemu kubwa ya Tanzania, kuanzia Upare mpaka kwa Wakisi wa Ziwa Nyasa, na Unyamwezi ikiwemo, ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Mama wa watu alikuwa tayari hana jina, akapokonywa na jinsia.

Linalonichekesha ni kwamba kwenye aya hiyohiyo ya kejeli, Burton mwenyewe anakiri kwamba vyungu hivyo vilikuwa na umbo lililonyooka kiasi cha kumshangaza mgeni. Mduara kamili, bila gurudumu. Sasa kama umbo ni kamili, gurudumu lilikuwa la nini?

Swali hilo nilikwenda kulitafutia jibu kwa mikono yangu.

Siku niliyoshindwa na tonge la udongo

Siku hizi Dar na Nairobi kuna madarasa ya ufinyanzi. Unalipa, unavalishwa aproni, unapiga picha, unaposti. Na mimi nikaenda. Nilishaangalia video nyingi mtandaoni, nikajua ni suala la kukaa na kuzungusha.

Gurudumu ni sahani nzito inayozunguka, kwa mguu au kwa umeme. Kazi ya kwanza ni kulikita tonge la udongo katikati kabisa. Hapo ndipo wengi tunapoumbuka. Unakaza viwiko kwenye mapaja, unalisukuma tonge kwa viganja mpaka liache kuyumba. Likibaki pembeni hata kidogo, kila kitu kinachofuata kitakwenda upande. Ukifanikiwa, unatoboa katikati kwa vidole gumba, halafu unauvuta ukuta kwenda juu, vidole vya mkono mmoja ndani, vya mwingine nje, polepole, mikono ikiwa na maji. Ukiharakisha unakata. Ukizidisha maji unalainika na kukaa chini kama maandazi yaliyokosa hamira.

Langu liliruka. Nasema kweli, lilitoka kwenye sahani likampata jirani yangu kwenye aproni.

Fundi wetu, kijana mtaratibu sana, akanihamishia kwenye meza ya kufinyanga kwa mkono. Akaniambia, "Anza hapa kwanza. Gurudumu lina haraka, mkono una subira." Nikatengeneza kibakuli cha kubinya: unashika tonge dogo, unalitoboa kwa dole gumba, unabinya huku unalizungusha mkononi. Halafu cha misokoto: unaviringisha udongo mezani uwe kama nyoka, unaupanga duara juu ya duara, unazifuta fito kwa kidole mpaka zishikane. Halafu cha bapa: unausukuma udongo kama chapati, unakata vipande, unaviunganisha kwa uji wa udongo.

Nikamuuliza lile swali. Kwa nini wazee wetu hawakutumia gurudumu? Akanionyesha mfuko wa udongo wa gurudumu. Laini kama unga wa ngano. Kisha akanipa udongo mwingine uliochanganywa na magae yaliyosagwa. Ulikwaruza kama msasa. Akasema, uweke huu kwenye gurudumu uone ngozi ya viganja vyako itabaki wapi.

Hapo nikaelewa.

Chungu cha kupikia kinakaa juu ya mafiga matatu, moto unakilamba tako huku ndani kuna maji. Udongo laini mtupu ukipata joto la ghafla namna hiyo unapasuka. Kwa hiyo mfinyanzi anachanganya mchanga au magae yaliyopondwa, ili chungu kiweze kutanuka na kusinyaa bila kufa. Udongo wa namna hiyo unataka mkono, haupendi gurudumu. Pia chungu kinahitaji tako la mviringo ili kikae vizuri kwenye mafiga na juu ya ngata. Gurudumu kwa kawaida linakupa tako la bapa. Na mtungi mkubwa wa kubeba maji ya nyumba nzima ni kazi ngumu mno kuuvuta kwenye gurudumu kwa mara moja, wakati kwa mkono unaujenga hatua kwa hatua, unausubiri ukaze, unaongeza.

Tena mtungi wa maji unatakiwa uwe na vinyweleo. Maji yanapenya kidogokidogo hadi nje, yanakauka na kuondoka na joto. Ndiyo maana mtungi wa bibi ulikuwa unatoa jasho, na maji yake yalikuwa baridi bila umeme. Ukiuchoma kwenye tanuri la joto kali na kuupaka ule mng'ao wa kioo, unakuwa mzuri wa kuangalia, lakini ubaridi kwaheri.

Yaani yule mama wa Tura hakukosa gurudumu kwa sababu hakuna aliyekuja kumfundisha. Kazi aliyopewa na njia ile, ya kunywesha, kupikia na kubebwa kichwani, ilihitaji chombo ambacho mkono unakiweza vizuri zaidi. Burton aliangalia kilichokosekana. Hakuuliza chungu kinatakiwa kufanya nini.

Kamba, gunzi na kokoto

Sasa tuje kwenye urembo, maana najua wengine hapa mnapenda mapambo.

Ukishamaliza kujenga umbo, unalisawazisha. Wengi walitumia kipande cha kibuyu kilichokatwa nusu duara kukwangulia ndani na nje. Kisha urembo, na unafanywa udongo ukiwa mbichi lakini umeanza kukaza. Wahenga walilisema hili zamani: udongo uwahi ungali maji. Ukichelewa, kidole hakiachi alama.

Kwenye eneo letu la maziwa makuu, urembo uliopendwa kwa mamia ya miaka ni wa kamba. Unachukua kipande cha kamba ya nyasi iliyosokotwa, unakiviringisha juu ya shingo ya chungu kwa kiganja, na msokoto unajichapa kwenye udongo kama maandishi. Wengine walitumia kijiti kilichochongwa, wengine gunzi la mahindi, wengine ncha ya mti kuchora mistari ya pembetatu. Kwa kung'arisha, kokoto laini ya mtoni. Unasugua, unasugua, mpaka uso wa chungu unang'aa bila kupakwa chochote. Ukitaka wekundu, unapaka udongo mwekundu kabla ya kusugua.

Mapambo hayo hayakuwa ya kujaza nafasi tu. Fito za kamba shingoni zinasaidia mkono wenye maji usiteleze. Na kila eneo lilikuwa na staili yake. Wataalamu wa mambo ya kale leo wanaokota gae lenye ukubwa wa kiganja, wanasoma urembo wake, na kukwambia ni la zama zipi na la jamii ipi. Kuna aina ya vyungu vinavyoitwa Urewe, kutokana na kijiji kimoja cha magharibi mwa Kenya, vilivyofinyangwa kuzunguka Ziwa Viktoria, Kagera yetu ikiwemo, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Majina ya waliovifinyanga hayapo, lugha yao hatuna hakika nayo, wafalme wao hatuwajui. Tuna alama za vidole vyao tu.

Mwisho ni moto, na huo ndio mtihani. Chungu lazima kikauke kabisa kivulini kwanza, siku kadhaa. Unyevu ukibaki ndani, unageuka mvuke na kukilipua. Wafinyanzi wanavipasha joto polepole kabla ya kuvichoma, kisha vinafunikwa kwa majani makavu, magome au samadi. Sehemu nyingi siku hiyo ilikuwa na miiko: nani asogee, nani asisogee, nini kisisemwe. Baadaye unakigonga kwa kidole. Kikilia kwa sauti kali, kimeiva. Kikilia butu, kina ufa. Chungu kipya unakipikia uji kwanza, ule utelezi uzibe vinyweleo, ndipo kinakuwa tayari kwa mboga.

Hizo siku zote za kazi, na ufa mmoja unakurudisha mwanzo.

Chungu kama kiwanda

Usifikiri chungu ni habari ya jikoni tu. Endelea na hiyohiyo treni kutoka Tabora kuelekea Kigoma, utafika Uvinza, penye chemchemi za maji ya chumvi. Miaka ya 1960 John Sutton na Andrew Roberts walichimba hapo, wakakuta magae mengi. Watu walikuwa wakichemsha maji ya chumvi kwenye vyungu tangu takriban miaka 1,500 iliyopita. Maji yanakauka, chumvi inabaki. Karne ya 19 chumvi hiyo ilikuwa bidhaa inayosafiri mbali kwenye njia za misafara.

Sasa piga hesabu. Kuchemsha maji ya chumvi kila msimu wa kiangazi kunamaliza vyungu. Vinapasuka, vinatupwa, vinahitajika vingine. Nyuma ya kila mzigo wa chumvi kulikuwa na mfinyanzi. Mfanyabiashara wa chumvi alipata jina. Mfinyanzi alipata agizo jipya.

Halafu ikaja reli

Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914. Mwendo wa miezi ukawa wa siku. Misafara ikafa, na Tura, mahali pa kutua mzigo, pakawa kituo cha kusimama dakika chache.

Mabehewa yalileta pia vyombo vya kiwandani. Debe la mafuta ya taa likageuka kuwa la maji. Likaja sinia la bati, likaja sufuria la alumini, ikaja ndoo ya plastiki. Tusimlaumu mtu. Debe halivunjiki mtoto akianguka nalo, na ndoo ni nyepesi kichwani. Bibi yangu mwenyewe baada ya mtungi kupasuka alinunua ndoo yenye mfuniko. Nilipomuuliza kwa nini hakununua mtungi mwingine, alijibu, "Mjukuu wangu, yule mama hakuja tena."

Sijui kama alifariki, alizeeka, au aliona hailipi. Lakini sentensi hiyo imenikaa kichwani. Fundi wa namna hiyo hafungi duka ukaona tangazo mlangoni. Siku moja tu haji tena sokoni, na ujuzi wa udongo upi uchimbwe wapi, uchanganywe na nini, unaondoka naye, kwa sababu hakuna aliyeandika na binti zake wako mjini wanatafuta maisha. Kama mimi. Kama wewe.

Tunawakumbuka wanywaji

Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kuna tembe ambalo David Livingstone aliishi mwaka 1872. Leo ni makumbusho. Henry Stanley, aliyefika Tabora kwa mara ya kwanza mwaka 1871 baada ya kupita Tura, ana vitabu na sanamu. Mirambo, aliyeitikisa njia hii mpaka kifo chake mwaka 1884, ana jina lake, na ni haki yake. Hata miongoni mwa wasaidizi wa misafara wapo wachache waliokumbukwa, kama Sidi Mubarak Bombay aliyewaongoza Burton, Speke na Stanley. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii ya pembe na watumwa kwenye orodha ya mapendekezo ya urithi wa dunia, ikataja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Wote hao walikunywa. Tunawakumbuka wanywaji, aliyefinyanga mtungi hayupo. Kuna methali inasema mfinyanzi hulia gaeni. Maana yake anayetengeneza vyombo vizuri, mwenyewe anakula kwenye kipande kilichovunjika. Nilikuwa naiona kama methali ya watu wabahili. Sasa naiona kama habari ya kweli: hata kwenye historia, mfinyanzi ameachiwa gae.

Je, ilikuwa lazima iwe hivyo? Hapana. Angalia Nigeria. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mwingereza Michael Cardew alifungua kituo cha ufinyanzi Abuja ya wakati ule, mji ambao sasa unaitwa Suleja. Alileta gurudumu na tanuri la joto kali. Mwaka 1954 akajiunga mwanamke aliyekuwa tayari fundi wa kufinyanga kwa mkono, Ladi Kwali. Aliendelea kujenga mitungi yake kwa mkono na kuichora mijusi na nyoka, akaichoma kwenye tanuri jipya, na dunia ikaja kumuangalia. Leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Mfinyanzi, kwenye hela!

Na kituo hichohicho mwaka 1974 alikwenda binti wa Kenya aliyezaliwa Nairobi, Magdalene Odundo, kujifunza kutoka kwa wanawake wa pale. Alikuwa anasoma sanaa Uingereza, nchi ya magurudumu na matanuri. Alichokichagua ni mkono, misokoto na kokoto ya kung'arishia. Vyungu vyake leo viko kwenye makumbusho makubwa duniani, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame. Njia ileile aliyoibeza mwenzao mwaka 1860.

Ujuzi wa mama mmoja hivi na ujuzi wa Dame ni ndugu wa damu. Tofauti ni kwamba mmoja kuna aliyemuuliza jina lake.

Mimi nimerudi kwenye lile darasa mara tatu. Gurudumu bado linanishinda, ila nina kachungu kamoja ka misokoto, kamepinda kidogo, shingoni nimekachapa kamba ya katani. Chini ya tako, kabla hakajakauka, niliandika jina langu kwa kijiti. Fundi akaniambia kila mfinyanzi wa siku hizi anafanya hivyo. Nikabaki nakaangalia. Ule mtungi wa bibi ulikuwa mara kumi zaidi ya kangu kwa ufundi, na chini yake hapakuwa na kitu. Gae la kuku lilishapotea, sina hata la kushika.

Likizo hii wengi mnakwenda vijijini. Kama kuna chungu, mtungi au kikaango cha udongo kwenye kona yoyote ya nyumba, usikipige picha tu ukaondoka. Uliza alikifinyanga nani. Ukiambiwa "mama mmoja hivi", ng'ang'ana. Alikuwa anakaa wapi? Mama nani? Udongo aliutoa wapi? Kama yupo hai, mfuate, mnunulie kimoja, na umuombe akuonyeshe.

Halafu uje uandike jina lake hapo chini kwenye komenti, kama mwenyewe amekubali. Jina la staa mwingine yeyote leo silitaki.